Habari za Maisha ya Bwana Keen, Tabibu Mpasuaji

William Williams Keen alizaliwa mjini Philadelphia, katika Marekani, tarehe 19 Januari, 1837. Alihitimu utabibu mwaka 1862, akawatibu majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake.

Siku zile homa ya matumbo iliua watu wengi. Yapata juma la tatu la ugonjwa, kidonda cha utumbo huweza kutoboka, uchafu ukamwagika tumboni; na mgonjwa aliyefikwa na hayo alihesabiwa kuwa amekwisha kufa. Keen hakukubali. Katika kitabu chake cha mwaka 1898 alitoa habari za wagonjwa 83 waliopasuliwa tumbo ili tundu lile lishonwe. Waliopona ni 16 tu. Wengine wangaliona hasara. Yeye aliona watu 16 waliorudishwa kutoka mlangoni pa kaburi, akafundisha kwamba kupasua ndiko tumaini lao.

Keen alifariki tarehe 7 Juni, 1932, mwenye miaka 95. Dawa za kuua vijidudu vya homa hiyo zilikuja baada yake, lakini utumbo uliotoboka hata leo huhitaji mpasuaji. Basi, mgonjwa wa homa akishikwa ghafula na maumivu makali ya tumbo, asikawizwe nyumbani. Apelekwe hospitali upesi.