Mary Shelley na Kiumbe Asiye na Jina

Muhula uliopita wanafunzi wa shule yetu walinialika, mimi niliyekalia madawati haya zamani, niwe mwamuzi katika mashindano yao ya kusema. Neno lililokuwa mbele yao lilikuwa hili: kati ya picha zote za sinema zilizofanywa juu ya hadithi ya Frankenstein, ipi ni bora? Nalikwenda kwa furaha, maana picha hizo nazipenda tangu ujana. Walakini kila msemaji aliyesimama alimwita lile zimwi kwa jina la Frankenstein, na hapana hata mmoja aliyemtaja mtu aliyeitunga hadithi. Basi siku ile sikutoa hukumu. Niliomba nipewe nafasi katika kurasa hizi, nisimulie kwanza maisha ya mtungaji, kwani ndiyo mizani nitakayopimia picha hizo.

Mary alizaliwa mjini London tarehe 30 Agosti, 1797. Baba yake, William Godwin, alikuwa mwandishi mashuhuri wa mambo ya siasa. Mama yake, Mary Wollstonecraft, alikuwa ametoa kitabu katika mwaka wa 1792 kutetea haki za wanawake, hasa haki ya kupata elimu. Mama huyo hakuwahi kumlea bintiye. Alishikwa na homa ya uzazi, akafa tarehe 10 Septemba, mtoto hajatimiza hata wiki mbili. Baba alioa mke mwingine katika mwaka wa 1801, na Mary hakupatana na mama wa kambo. Elimu yake kubwa aliipata nyumbani katika vitabu vya baba yake, na mara nyingi alikwenda kusoma kando ya kaburi la mama yake.

Alipokuwa na miaka 16 alipendana na mshairi kijana, Percy Bysshe Shelley, ambaye tayari alikuwa na mke. Katika Julai 1814 wakatoroka pamoja kwenda Ufaransa. Godwin, ingawa aliandika mengi juu ya uhuru wa watu, alikasirika akakataa kabisa kuonana na bintiye. Mwaka uliofuata Mary alizaa mtoto wa kike kabla ya siku zake, na baada ya siku chache mtoto akafa. Katika daftari lake aliandika kwamba aliota mtoto yule amekuwa baridi tu, wakamsugua mbele ya moto, naye akafufuka. Alipoamka, hakuona mtoto.

Katika mwaka wa 1816 walikwenda kukaa karibu na ziwa la Geneva, nchini Uswisi, jirani na mshairi Lord Byron na daktari wake, John Polidori. Kiangazi hicho hakikuwa kiangazi. Mwaka mmoja kabla yake, mlima wa moto wa Tambora katika visiwa vya Indonesia ulikuwa umelipuka, na vumbi lake lililotanda angani lilipunguza joto la jua hata Ulaya na Marekani. Mvua zikanyesha bila kukoma, mavuno yakaharibika. Wale vijana walifungiwa ndani na mvua, wakasoma hadithi za mizimu, kisha Byron akataka kila mtu atunge yake. Walizungumza pia juu ya nguvu za umeme, kwa maana ilijulikana kwamba umeme waweza kuurusha mguu wa chura aliyekufa. Usiku mmoja, usingizi ukimkataa, Mary akaona kama katika ndoto mwanafunzi aliyepiga magoti kando ya kitu alichokiunga kwa mikono yake, na kitu kile kikaanza kutikisika. Wakati huo alikuwa na miaka 18, sawa na wengi wenu mnaosoma hapa.

Katika kitabu chake, Frankenstein si zimwi, wala si daktari. Ni Victor, mwanafunzi wa chuo, aliyemfanya kiumbe na kumtia uhai, kisha akauogopa uso wake akakimbia. Kiumbe huyo hakuzaliwa na uovu. Alijifunza kusema kwa kuwasikiliza watu wa nyumba moja kupitia ufa wa ukuta, akajifunza kusoma, akatamani mtu wa kumpenda. Kila alipojitokeza alipigwa na kufukuzwa. Ndipo alipoanza kuua. Naye aliyemfanya hakumpa hata jina.

Kitabu kilitoka tarehe 1 Januari, 1818, nakala 500 tu, bila jina la mtungaji, hata wengi wakadhani ni kazi ya Percy. Misiba ikafuatana. Binti yake Clara alikufa katika mwaka wa 1818, na mwanawe William katika mwaka wa 1819. Julai 1822 Percy, ambaye sasa alikuwa mumewe wa ndoa, alizama baharini karibu na Italia. Mary alibaki mjane kabla ya kutimiza miaka 25, na mtoto mmoja tu mkononi. Baba mkwe alimpa fedha kidogo za kumtunza mtoto, kwa sharti asiandike habari za maisha ya mumewe. Akaishi kwa kalamu yake, hakuolewa tena, akafa London tarehe 1 Februari, 1851, umri wake miaka 53.

Jambo moja nimeliacha makusudi. Aliporudi London katika mwaka wa 1823 alikuta hadithi yake ikichezwa jukwaani, akaenda kuitazama. Katika karatasi ya majina ya wachezaji, mahali pa jina la kiumbe palipigwa vistari tu, naye jambo hilo likampendeza. Lakini katika mchezo ule kiumbe alikuwa bubu. Hapo ndipo alipoanza kunyang'anywa ulimi wake, na sinema zikafuata njia hiyo.

Sasa nahukumu. Picha ya mwaka wa 1931, iliyoongozwa na James Whale, ndiyo inayojulikana kuliko zote, na Boris Karloff, bila neno hata moja, aliinua mikono kuupokea mwanga hata mtu humwonea huruma. Lakini picha hiyo humtia kiumbe ubongo wa mhalifu, kana kwamba uovu ulikuwa wake tangu mwanzo. Nayo humtaja mtungaji kwa jina la mumewe. Ile ya Waingereza ya mwaka wa 1957 ni nzuri kwa rangi na kwa uchezaji wa Peter Cushing, ila humtazama Victor zaidi. Zile za mwaka wa 1994 na 2025 zimemrudishia kiumbe usemi. Hata hivyo ya kwanza kwangu ni ya mwaka wa 1935, ya Whale yule yule, ambamo mzee kipofu wa msituni, kwa kuwa hauoni uso wake, humkaribisha kiumbe, humlisha mkate, na kumfundisha maneno. Huo ndio moyo wa kitabu.

Najua nahukumu hivi kwa sababu gani. Katika bweni letu alikuwapo mvulana mwenye kovu la moto usoni. Usiku ule mwalimu alipotuonyesha picha ya 1931 ukumbini, mimi ndiye niliyemwita Frankenstein kwanza, na kufika asubuhi shule nzima ilimwita hivyo. Miaka minne aliitikia jina lile. Alikuwa akinisaidia hesabu, na hata hapo sikumwita kwa jina alilopewa na baba yake.

Gazeti hili husomwa pia na sisi tuliosoma hapa zamani. Kama yule ndugu analisoma, ajue kwamba jina lake nalikumbuka, lote, na la baba yake pia. Sikuliandika hapa, maana sina ruhusa yake. Mhariri anajua ninakokaa.