Josephine Baker: mwimbaji aliyeagwa kwa heshima za kijeshi

Tarehe 15 Aprili 1975 maelfu ya watu walifurika katika barabara zinazozunguka kanisa la Madeleine, jijini Paris. Ndani ya kanisa mlikuwa na jeneza la mwanamke mmoja. Miongoni mwa waliokuja kumuaga walikuwa wazee waliopigana Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakiwa na bendera zao na nishani vifuani. Marehemu hakuwa jenerali wala mke wa jenerali. Alikuwa mwimbaji na mcheza dansi, na jina lake ni Josephine Baker.

Wasomaji wengi, hasa waliosoma Kifaransa shuleni, wanamfahamu kwa picha moja tu: binti mweusi aliyevaa sketi ya ndizi, akicheza mbele ya Wazungu. Picha hiyo ni ya kweli, lakini imeyafunika maisha yake mengine yote. Mimi naishi hapa Kinindo, karibu na barabara inayotoka mjini kwenda Rumonge. Majirani zangu wamo waliorejea kutoka Tanzania na Kongo baada ya miaka mingi ya ukimbizi, na wamo akina mama wanaoamka alfajiri kuwahi mpaka wa Gatumba na mizigo yao. Nikiwatazama, naona kuwa maisha ya mama huyu yanawahusu wao kuliko wanavyodhani.

Josephine alizaliwa tarehe 3 Juni 1906 katika mji wa St. Louis, Marekani. Mama yake alikuwa dobi, akifua nguo za watu ili watoto wapate kula. Akiwa na umri wa miaka minane hivi, Josephine alipelekwa kufanya kazi za ndani katika nyumba za Wazungu. Mwaka 1917, ng'ambo ya mto katika mji wa East St. Louis, watu weusi walishambuliwa, wakauawa na nyumba zao kuchomwa moto. Yeye alikuwa na miaka kumi na mmoja, na aliwaona watu wakikimbia na walichoweza kubeba. Wasomaji wetu waliokimbia mwaka 1972 au 1993 hawahitaji kuelezwa jinsi mtoto anavyolikumbuka jambo la namna hiyo.

Aliolewa mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na mitatu, na ndoa haikudumu. Jina la Baker alilipata kwa mume wa pili. Alijiunga na vikundi vya maonyesho, akafika New York, na mwaka 1925, akiwa na miaka kumi na tisa, alipanda meli kwenda Ufaransa. Tarehe 2 Oktoba mwaka huo alipanda jukwaani Paris kwa mara ya kwanza. Baada ya muda mfupi mji mzima ulikuwa ukimzungumzia, na kabla ya miaka kumi kupita alikuwa mmoja wa wasanii wanaolipwa vizuri zaidi Ulaya. Mwaka 1936 alirudi New York akidhani kwao watamfurahia. Wachambuzi wa magazeti walimponda, na zipo hoteli zilizomkatalia chumba kwa rangi yake. Alirejea Paris, na mwaka 1937 alipoolewa na Jean Lion alipata uraia wa Ufaransa.

Vita vilipoanza mwaka 1939, ofisa wa upelelezi wa jeshi la Ufaransa, Kapteni Jacques Abtey, alimwendea kumwomba msaada. Josephine alikuwa akialikwa katika balozi na karamu za wakubwa, mahali ambapo watu hunywa na kusema wasiyopaswa kusema. Alikubali bila kudai malipo. Wajerumani walipoiteka Paris mwaka 1940, alikataa kuimba katika mji uliokaliwa, akahamia katika kasri lake la Les Milandes, kusini-magharibi mwa nchi, na kuwaficha humo watu waliokuwa wakiipinga Ujerumani.

Hapa ndipo ningependa mfanyabiashara wa mpakani asome kwa makini. Novemba 1940 Josephine alisafiri kwa kupitia Hispania hadi Lisbon, Ureno. Abtey alifuatana naye akijifanya katibu wake. Katika mizigo mlikuwa na karatasi za muziki, kitu cha kawaida kabisa kwa mwimbaji. Juu ya karatasi hizo habari za jeshi la Ujerumani zilikuwa zimeandikwa kwa wino usioonekana. Karatasi nyingine alizibana kwa pini ndani ya nguo zake. Kila anayevuka mipaka anajua jinsi moyo unavyodunda ofisa anapoanza kufungua begi, hata kama huna la kuficha. Josephine alikuwa nalo, na kama lingegunduliwa angeweza kupoteza maisha. Lakini wakaguzi walipomwona nyota wa Paris amevaa manyoya ya thamani, walichotaka kwake ni saini ya kumbukumbu. Habari zile zilifika Lisbon na kutoka huko zikaenda London kwa Jenerali de Gaulle.

Mwaka 1941 alihamia Afrika Kaskazini. Huko aliugua vibaya, akafanyiwa operesheni zaidi ya moja, na kulazwa kwa miezi mingi katika kliniki mjini Casablanca. Uvumi ulienea hadi Marekani kuwa amekufa, na magazeti yakaandika taazia yake. Hata kitandani kazi haikusimama, kwa sababu waliokuja kumjulia hali walikuwa wakibadilishana habari chumbani mwake.

Alipopata nguvu, mwaka 1943, alianza safari ndefu ya kuwaimbia wanajeshi, kutoka Morocco na Algeria hadi Misri na Lebanon. Alisafiri kwa magari ya jeshi, akilala palipopatikana. Hakuchukua ujira, na fedha zilizokusanywa katika maonyesho ya hadhara zilikwenda kwa jeshi la Ufaransa Huru. De Gaulle alimpa msalaba mdogo wa dhahabu, alama ya jeshi hilo, naye akautoa upigwe mnada ili fedha ziende kwenye mapambano. Alipewa cheo cha luteni usu katika kikosi cha wanawake wasaidizi wa jeshi la anga. Mwaka 1946 alipata nishani ya waliopinga ukaliaji wa Wajerumani. Mwaka 1961, hapo Les Milandes, Jenerali Martial Valin alimvisha Legion d'honneur na Croix de guerre mbele ya wenzake wa vita.

Tarehe 28 Agosti 1963 alisimama Washington katika mkutano mkubwa wa Martin Luther King. Angeweza kuvaa gauni la jukwaani. Alivaa sare yake ya jeshi na nishani zake zote, ili nchi iliyomkatalia chumba cha hoteli ione nchi nyingine ilivyomthamini.

Kuanzia mwaka 1954 yeye na mumewe wa wakati huo, Jo Bouillon, waliwalea kama wao watoto kumi na wawili wa mataifa, rangi na dini mbalimbali, akitaka kuonyesha kuwa watu wanaweza kuishi kama ndugu. Nia ilikuwa njema, ila gharama zilimshinda. Madeni yalimzonga, kasri likauzwa, na mwaka 1969 alitolewa humo kwa nguvu, akiwa mwanamke wa miaka sitini na miwili. Nishani hazikuzuia mlango kufungwa. Aliyemsaidia kupata makazi ni Princess Grace wa Monaco, naye mzaliwa wa Marekani na msanii wa zamani. Nawajua watu waliorudi kutoka kambini na kukuta mtu mwingine anaishi katika uwanja wa baba yao. Wataelewa maana ya kuanza upya uzeeni.

Na alianza upya. Tarehe 8 Aprili 1975 alifungua onyesho kubwa katika ukumbi wa Bobino, kuadhimisha miaka hamsini tangu afike Paris. Siku nne baadaye alifariki. Aliagwa kwa heshima za kijeshi, mwanamke wa kwanza mzaliwa wa Marekani kupewa heshima hizo Ufaransa, akazikwa Monaco. Tarehe 30 Novemba 2021 aliingizwa katika Panthéon, mahali Ufaransa inapowaenzi mashujaa wake, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza. Mwili ulibaki Monaco. Jeneza lililobebwa lilikuwa na udongo wa sehemu nne alizoishi.

Heshima hiyo ni haki yake. Hata hivyo, vita hivyo vilikuwa na wengine. Maelfu ya Waafrika walipigania Ufaransa, na sheria ya mwaka 1959 ikagandisha pensheni zao baada ya nchi zao kuanza kujitawala, huku za Wafaransa zikiendelea kupanda. Ilibidi ifike mwaka 2006, filamu ya Indigènes ilipoonyeshwa, ndipo Rais Chirac akaamua malipo hayo yasawazishwe. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Huku kwetu nako wapo waliotoka Kongo na jeshi la Wabelgiji kupigana Ethiopia mwaka 1941, na waliotoka Tanganyika, Kenya na Uganda kwenda Burma na King's African Rifles.

Wazee wale wa Madeleine walimkumbuka aliyewaimbia walipokuwa vijana, mbali na kwao. Sisi wenye wazee wa vita, hata vya karibuni, tusingoje jeneza. Mzee akiwa hai, mketishe kivulini na umsikilize. Kama ana karatasi za malipo yake, mpeleke ofisini mwenyewe, kwa kuwa miguu yake haiwezi tena kupanga foleni.