Mtoro bin Mwinyi Bakari, Mwalimu wa Wadachi

Siku hizi Kiswahili husomeshwa hata katika Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopewa hati yake mwaka 2013, na vijana wa Kisii na Nyamira, ambao kwao husema Ekegusii, hukipatia shahada. Habari hii hutufurahisha sisi watu wa pwani. Lakini ni wangapi kwetu wamjuao mtu wa Dunda, karibu na Bagamoyo, aliyekuwa miongoni mwa wa mwanzo kuisomesha lugha hii katika vyuo vya Ulaya?

Marehemu Mtoro alizaliwa yapata mwaka 1869, akasoma Kurani na ilimu ya dini. Mwaka 1900 alikwenda Berlin, katika chuo cha lugha za Mashariki kilichofunguliwa mwaka 1887, ambamo Wadachi waliokusudia kuja kututawala walijifunza kwanza kusema nasi. Huko akaandika habari za ndoa, matanga, ngoma na sheria za watu wake, nazo ndizo sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotoka mwaka 1903. Jina lililopigwa chapa mbele ni la mkusanyaji, Carl Velten. Ilimu ilikuwa yetu, na sifa ikawa ya mwingine. Wala hatuwezi kuwalaumu Wadachi peke yao, maana sisi wenyewe tulikuwa hatujaona haja ya kuyaandika mambo hayo.

Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kidachi. Dini yetu haimkatazi Muislamu kuoa katika Watu wa Kitabu, lakini ukoloni ulikataza. Walipofika pwani yetu mwaka 1905, serikali haikumruhusu bibi yule kushuka na mumewe Mwafrika. Wakarejea Ulaya wote wawili, na Bagamoyo hakuiona tena.

Tangu mwaka 1909 alisomesha Hamburg chini ya Profesa Carl Meinhof, mahali ambapo ilimu ya lugha za Kiafrika ilipata kiti chake katika vyuo vikuu. Profesa akasifiwa dunia nzima. Mwalimu wake wa Kiswahili aliiacha kazi kabla ya vita vya 1914, akawa akipata riziki kwa kuwahutubia Wadachi habari za Afrika, mpaka akafa Berlin mwaka 1927, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kitabu kile kilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1981, na safari hiyo jina la Mtoro likawekwa juani.