Tippu Tip na mali iliyobaki kwa wakili

Hapa Kasongo, na kule Kabambare kwenye barabara ya kwenda Tanganyika, jina la Tippu Tip halijasahaulika. Hamed bin Muhammed el Murjebi alizaliwa Unguja karibu mwaka 1837. Miaka ya 1870 akafanya Kasongo kuwa makao yake. Alitajirika kwa pembe za tembo na kwa watumwa pia. Hiyo hatuifichi, ni wazee wetu ndio walioumia.

Pembe ziliuzwa pwani, safari ya miezi. Yeye yuko huku, pesa yake iko Unguja. Basi alihitaji wakili, mtu wa kumshikia pesa na hesabu. Mmoja wao alikuwa Jaffer Tharia, mfanyabiashara Muhindi.

Mwaka 1887 alikubali kuwa wali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Akaahidi pia kumpatia Stanley wapagazi 600. Wapagazi walichelewa, tena hawakutimia. Mwisho wa 1889 Stanley akafika Unguja, akamshitaki mbele ya tribinali ya konseli wa Uingereza. Mwenye mali bado yuko Kongo, lakini tribinali ikaamuru ile pesa iliyo kwa Jaffer isitoke. Wakili hakuweza tena kuitumia wala kumtumia bwana wake.

Tippu Tip akashika njia, akafika Unguja mwaka 1891. Stanley akaacha kesi.

Huku Kasongo mambo yalikuwa mengine. Mali alimwachia mtoto wake Sefu, na hapakuwa tribinali ya kuilinda. Vita na Wabelgiji ikaingia. Kasongo ikaanguka Aprili 1893, Sefu akauawa mwaka ule ule, Kabambare ikafuata Januari 1894. Baadaye hata Rumaliza, mwenzake wa biashara, alimshitaki juu ya mali ya ushirika. Mzee akafa Unguja, Juni 1905.

Leo wakili wetu ni avoka. Kwake kuna karatasi za kiwanja, hukumu, pesa ya kesi. Akifa, akigonjwa ao akikatazwa kazi, ile mali si urithi wa watoto wake. Tribinali na baro waifunge, waihesabu, wairudishe kwa wenyewe. Na wewe, msikilizaji, ukimpa avoka karatasi, omba risiti, uiweke nyumbani.