Paul Bomani na mizani ya pamba: wana Simiyu tusisahau

Msimu mmoja nilipima pamba ya mama nyumbani kwa mizani ya kuazima, nikapata kilo 62. Tulipofika kituoni ikasoma 55! Mnunuzi simtaji, maana hayuko peke yake. Ila kilo 7 zile ndizo zilinifanya nimtafute marehemu Paul Bomani, ambaye vijana wengi huku tunalisikia jina tu.

Mzee huyu alizaliwa 1925 Ikizu, upande wa Musoma, baba yake akiwa mhubiri wa Kisabato. Alifanya kazi mgodi wa almasi Mwadui, kisha mwaka 1947 akaenda Mwanza kuendesha ushirika wa wafanyabiashara Waafrika. Huko akakutana na kilio cha wakulima wa pamba: aliyenunua ndiye huyohuyo aliyeshika mizani, na hakuna aliyemwamini.

Sasa hapa ndipo anaponifurahisha. Wao hawakukimbilia kwanza jineri wala soko la Ulaya, walianzia kwenye mizani. Wakulima waliweka watu wao wa kusimamia upimaji, baadaye vyama vya msingi vikanunua vyenyewe. Bomani alizunguka Usukuma kuhamasisha, akaenda Uganda kuona ushirika wa wenzetu, na 1953-54 akasoma Loughborough, Uingereza. Mwaka 1955 vyama vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, yeye meneja mkuu. Ndani ya miaka michache pamba ya Kanda ya Ziwa ikawa inapita mikononi mwao, na jineri zao wenyewe wakapata.

Siku hizi kwenye semina wanaita mnyororo wa ugavi, na kampuni kubwa zinasifiwa kwa malori na kompyuta. Sawa, lakini jamani, mkulima akiibiwa kwenye mizani naye anajibu kwa maji na mchanga ndani ya robota. Jineri inanunua uchafu, nyuzi zinashuka daraja, bei inaanguka, na msimu ujao tunalipwa kidogo zaidi. Wote tunaumia! Pete ya kwanza ikilegea, mnyororo mzima ni bure. Hilo Bomani alilielewa mapema kuliko wataalam wengi.

Mwaka 1960 aliondoka kuwa Waziri wa Kilimo, halafu Fedha, na kuanzia 1972 hadi 1983 alikuwa balozi wetu Marekani. Alifariki 2005. Tusimfanye malaika: chombo alichokijenga kilikuja kunenepa, makato yakazidi na mkulima akawa mbali na viongozi wake. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu, sheria ya 1982 ikavirudisha, 1994 likaja soko huria. Miaka ya karibuni AMCOS zimerudishwa kwenye ununuzi wa pamba, na Simiyu yetu, mkoa tangu 2012, ndiyo kinara wa zao hili.

Kwa hiyo jengo la AMCOS na mhuri havitoshi. Kijiji kiwe na mtu wake anayekagua mizani kabla mfuko wa kwanza haujapandishwa. Mama yangu angekuwa na kilo zake 7.

Wadau, je, kwenu mizani inakaguliwa na nani? Tuchangie bila matusi. Naomba kuwasilisha.