Henry van de Velde: fundi wa ndani ya nyumba

Katika familia za wachimbaji hapa Tshopo, mutoto akipata diplôme d'État na akisema anataka kusoma architecture d'intérieur ku université, wazazi wanashangaa. Wanajua munganga, wanajua avocat, wanajua ingénieur wa mine. Lakini kusoma miaka mizima juu ya ndani ya nyumba? Wengine wanazani ni kazi ya kuchagua mapazia na kupaka rangi. Sisi wa sindika tumesikia ile ulizo mara mingi. Njo maana leo tunasimulia maisha ya mutu mumoja ambaye alisaidia ile kazi iingie katika shule kubwa. Historia yake inagusa pia inchi yetu, miti yetu na wafu wetu.

Henry van de Velde alizaliwa tarehe 3/4/1863 huko Anvers, muji wa bandari wa Ubelgiji. Baba yake alikuwa na duka la dawa. Kijana alisoma kuchora katika akademia ya muji ule, kisha akaendelea Paris. Akarudi, akaingia kundi la wachoraji wa Brussels lililoitwa Les XX. Karibu na mwaka wa 1893 akaacha kuchora picha. Picha inatundikwa kwa ukuta wa tajiri, lakini kiti, meza, kikombe na dirisha vinagusa kila mutu kila siku. Alifuata mafundisho ya William Morris, Mwingereza aliyetaka kitu kizuri kisiwe cha tajiri peke yake, kifike mpaka kwa mufanyakazi.

Mwaka wa 1894 alioa Maria Sèthe. Mwaka uliofuata wakaanza kujenga nyumba yao kule Uccle, kando ya Brussels, wakaiita Bloemenwerf. Henry hakuwa amesoma kujenga katika shule yoyote. Hata hivyo alichora kila kitu: kuta, milango, viti, meza, mpaka nguo za bibi yake. Maria naye alifanya kazi pamoja naye kwa karatasi za kupamba kuta. Nyumba ile njo ilimufungulia njia.

Kazi yenyewe ni hii. Unaanza na watu watakaoishi mule. Mama anapikia wapi, na moshi wa makala unatoka wapi? Mwangaza wa asubuhi unaingia kupitia dirisha gani? Watoto watano wanalala wapi bila kukanyagana? Baba akirudi na buti za matope, anazivua fasi gani? Mutu wa ile kazi anapima, anachora plan, anachagua mbao na matofali, anahesabu bei, kisha anafuata mafundi mpaka mwisho. Mapazia yanakuja nyuma kabisa.

Sasa tufike kwa jambo gumu. Mwaka wa 1897 Brussels ilifanya maonyesho makubwa ya mataifa. Mufalme Léopold II alitaka kuonyesha Congo yake, akajengesha jumba kule Tervuren. Wasanii wane wakapewa kazi ya kupanga ndani: Paul Hankar, Gustave Serrurier-Bovy, Georges Hobé na van de Velde. Walitumia mbao za Congo, wakazikunja na kuzichonga kwa namna mupya. Watu zaidi ya milioni 1 walikuja kutazama, na wengi walisifu.

Wakati ule Kisangani ilikuwa inaitwa Stanley Falls, na watu wa misitu walikuwa wanalazimishwa kukata kauchu. Kwa maonyesho yale walipelekwa Wacongo 267, wakawekwa katika vijiji vya kuigiza ili Wazungu wawatazame. Saba walikufa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Makaburi yao yako Tervuren mpaka leo. Hatutasema van de Velde njo aliwaua. Tunasema tu kwamba mikono yake ilipamba ile fasi, na ile kazi ilikuza jina lake. Fundi anaweza kuwa na akili sana na bado asiulize mbao imetoka kwa jasho la nani.

Kisha alienda Ujerumani. Mwaka wa 1902 alikuwa Weimar, mushauri wa mutawala wa pale juu ya kazi za mikono. Mwaka wa 1908 shule yake ya ufundi ilikuwa inafundisha vijana ndani ya atelier, kwa kitambaa, udongo na chuma. Vita ya 1914 ilipoanza, Wajerumani walimuona kama adui sababu alikuwa Mubelgiji. Shule ikafungwa mwaka wa 1915. Kati ya watu aliowapendekeza kuchukua fasi yake kulikuwa na Walter Gropius, na mwaka wa 1919 Gropius akaanzisha Bauhaus katika yale majengo. Shule mingi za dunia zinazofundisha ile kazi zimekunywa kwa kisima kile.

Na mufanyakazi, je? Kusema kweli, waliomulipa walikuwa matajiri. Herbert Esche wa Chemnitz, mwenye kiwanda cha soksi, alijengewa nyumba. Familia ya Kröller-Müller ya Uholanzi, iliyopata mali kwa biashara ya mawe ya chuma na meli, ilimupa kazi ya kuchora musée iliyofunguliwa mwaka wa 1938. Mawe yalichimbwa na wachimbaji, lakini uzuri ulibaki kwa bwana.

Shule njo iliachia watu wengine kitu. Mwaka wa 1926 waziri Camille Huysmans, mutu wa chama cha wafanyakazi, alimusaidia kuanzisha Brussels taasisi ya La Cambre. Mpaka leo kuko architecture d'intérieur pale. Wakati wa vita ya pili alikubali kazi ya kutengeneza inchi upya chini ya Wajerumani, na watu wakamulaumu. Mwaka wa 1947 akahamia Uswisi. Alikufa Zurich tarehe 25/10/1957, akiwa na miaka 94.

Kwetu, Frère Marc Wallenda alianzisha shule ya sanaa huko Gombe-Matadi mwaka wa 1943, ikahamia Kinshasa mwaka wa 1949. Njo ilizaa Académie des Beaux-Arts, ambayo iko na section ya architecture d'intérieur. Kutoka Kisangani ni zaidi ya kilometre 1.700 kwa muto. Ni mbali, na feza ni kidogo. Lakini afrormosia inatoka katika misitu yetu ya Tshopo, inashuka muto ule ule, na mingi inaenda kupamba nyumba za wengine.

Sheria ya kazi inasema mwajiri ampe mufanyakazi nyumba ao feza ya nyumba. Tukiketi kwa meza ya mazungumzo, tunapigania hesabu ya feza na ya vyumba. Nani kati yetu anaweza kufungua plan ya camp na kuonyesha kwamba jiko halina fasi ya moshi, na chumba cha watoto hakina dirisha? Mutoto wa muchimbaji akisoma ile kazi, ataweza. Basi wazazi, akija kuwaambia, musimucheke. Mumuulize tu kama atajua kupima nyumba ya mufanyakazi sawa anavyopima ya tajiri.