Placide Tempels: padri aliyejifunza kusikiliza

Frans Tempels, maarufu kwa jina lake la kitawa Placide, alizaliwa Berlaar, Ubelgiji, mwaka 1906. Alifika Kongo mwaka 1933 akiwa padri Mfransisko. Miaka ya kwanza aliwafundisha Baluba wa Katanga kama mtu aliyebeba ukweli wote. Desturi zao aliziona ushirikina mtupu.

Mahubiri hayakuota mizizi. Akaanza kuwauliza watu wanatafuta nini maishani. Ndipo dawa za mganga na heshima kwa mababu zikamfunulia wazo moja: kuwapo ni kuwa na nguvu, na nguvu hiyo huongezwa au hupunguzwa na wengine. Kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilitoka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1945. Askofu de Hemptinne alikipinga.

Hata hivyo, mazoea ya zamani yalibaki kitabuni: Mzungu ndiye anayemweleza Mbantu fikra zake, na Bantu wote huwaza namna moja. Eboussi Boulaga na Hountondji walimkosoa baadaye.

Tangu 1953, huko Kolwezi, aliketi na wafanyakazi wa migodi na wake zao. Hapo ikazaliwa Jamaa, iliyoenea hadi kwetu Likasi. Mawazo yake makuu yalisemwa kwa Kiswahili: uzima, uzazi, mapendo. Sasa padri naye alipokea.

Aliondoka Kongo mwaka 1962, akafariki 1977. Tangu kufika kwake hadi Jamaa ilipita miaka 20. Maneno ya watu hujifunzwa upesi zaidi. Namna yao ya kuona ndiyo huchelewa.